Makala kumi za bure: jibu kwa mwandishi wa Morogoro

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina miaka 24, naishi Morogoro, nilimaliza chuo mwaka jana. Napenda kuandika, hasa afya ya mama na mtoto, na waliosoma kazi zangu wananitia moyo. Mwezi uliopita kampuni moja ya Nairobi yenye tovuti ya afya ilinitafuta. Wanaanzisha upande wa Kiswahili na wameniomba makala kumi, kila moja maneno 1,000, ndani ya mwezi mmoja. Kwa sasa hawalipi. Wanasema ni majaribio, jina langu litaonekana, na wakipata wafadhili watanikumbuka. Nimeshawatumia mbili. Makala moja inanichukua siku mbili, na siku hizo siendi steshenari ninakochapa na kutoa kopi, ambako napata 15,000 kwa siku. Bando natumia 10,000 kwa wiki, na bodaboda ya kwenda na kurudi hospitali kuongea na wauguzi ni 4,000. Kaka yangu anasema nivumilie, eti kila mtu alianza hivyo. Niendelee? Na zile mbili nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiendelee. Nimelitanguliza jibu kwa sababu huenda unaposoma hapa makala ya tatu ipo nusu mezani, na sitaki uimalize usiku huu kwa ajili yao. Sasa nikupe sababu, maana neno "usiendelee" peke yake halitakusaidia ukiwa mbele ya kaka yako, wala mbele ya kampuni.

Tupige hesabu kwa namba ulizonipa. Makala kumi kwa siku mbili mbili ni siku 20 za kazi. Steshenari ungepata 300,000 kwa siku hizo. Bando la wiki nne ni 40,000. Safari kumi za bodaboda ni 40,000 nyingine. Jumla 380,000, na hapo sijagusa kipaji chako wala miaka uliyokaa chuoni. Kwa lugha nyepesi, wewe binti wa Morogoro unaombwa kuifadhili kampuni ya Nairobi kwa shilingi 380,000, na mfadhili wao wa kweli akija baadaye atakuta kurasa zimeshajaa. Jiulize kama ungekubali iwapo wangekuandikia: "Tafadhali tutumie 380,000 tuanzishe upande wa Kiswahili, jina lako tutaliweka chini ya ukurasa." Usingekubali. Ombi ni lilelile, ila limevalishwa nguo ya kazi.

Kuna neno "majaribio" ambalo limekufunga mikono, na nalielewa, kwa sababu majaribio yapo kweli katika kazi yetu. Mhariri ana haki ya kujua kama unajua kuandika kabla hajakupa fedha ya watu. Lakini jaribio la haki lina sura yake. Kwa wafasiri, kipande cha maneno 200 au 300 kinatosha. Mtu mzoefu akikisoma anajua ndani ya dakika kumi kama una kazi au huna. Kwa waandishi, mhariri huomba kazi ulizokwisha kuandika, au anakupa makala moja na kuilipa, iwe nzuri au mbaya. Jaribio halichapishwi bila makubaliano, halina makala kumi, na halina tarehe ya mwisho iliyopangwa kufuata ratiba ya uzinduzi wa tovuti. Wanachokuomba ndiyo kazi yenyewe, yote. Upo hata ujanja wa zamani kwenye tafsiri ambapo kitabu hukatwa vipande, kila mwombaji akapewa sura yake ya "majaribio", na mwishoni kitabu kimetafsiriwa bila mtu kulipwa. Sisemi hawa wa kwako ndio wanaofanya hivyo. Nasema mlango ni uleule, na usiingie bila kuuliza.

Mimi ninapotafuta mwandishi nasoma kazi zake mbili, tatu zikizidi. Nasoma aya ya kwanza kuona kama anajua anakokwenda. Naangalia kama amemhoji mtu mwenye jina na cheo, au ameokota maneno mtandaoni. Nampigia mhariri aliyefanya naye kazi na kumuuliza kama alileta kwa wakati. Sijawahi kuona mhariri anahesabu makala ishirini na kumpa kazi mwenye nyingi. Ukiwa na mbili nzuri, unazo za kuonyesha. Nane zilizobaki hazikuongezei jina. Zinaiongezea tovuti kurasa.

Kuhusu hilo jina, ngoja nikupe kisa kinachojulikana dunia nzima. Huffington Post, ambayo sasa inaitwa HuffPost, ni tovuti ya habari ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2005. Pamoja na waandishi wake wa kuajiriwa, ilikuwa na maelfu ya wachangiaji walioandika bila malipo, kwa ahadi kama hiyo uliyopewa: utasomwa, utajulikana. Februari 2011 wenye tovuti wakaiuza kwa kampuni ya AOL kwa dola milioni 315. Wachangiaji hawakuambulia kitu. Mmoja wao, Jonathan Tasini, akaongoza kesi ya kudai dola milioni 105, yaani theluthi moja ya bei, kwa hoja kwamba maandishi yao ndiyo yaliyoipa tovuti thamani. Machi 2012 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York akaitupa kesi hiyo, na kabla mwaka haujaisha mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Sababu ndiyo nataka uishike: walijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna malipo, wakakubali, wakaandika. Huwezi kukubali bure asubuhi ukadai fedha jioni kwa sababu mwenzako amepata faida. Januari 2018 tovuti hiyo yenyewe ikaufunga mlango wa wachangiaji wasiolipwa.

Sasa rudi kwenye ujumbe wako. "Tukipata wafadhili tutakukumbuka." Wamesema kukumbuka, hawakusema kulipa. Hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna idadi. Wale wa Marekani walikuwa na mawakili na bado walishindwa. Wewe una ujumbe wa WhatsApp.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kiswahili zaidi ya wengine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu linaniuma. Waandishi wa Kiswahili tunaombwa bure mara nyingi kwa sababu watu wanaamini Kiswahili hakina kazi ndani yake. "Si unaandika tu Kiswahili?" Mtu huyohuyo anayelipa ripoti ya Kiingereza kwa ukurasa anashangaa ukimtajia bei ya Kiswahili, kwani anakiongea nyumbani, mlinzi wake anakiongea, watoto wake wanakiongea. Kukiongea amezaliwa nako. Kumweleza mama wa kijijini Mvomero dalili za hatari za ujauzito kwa maneno 1,000, akaelewa, asiogope kupita kiasi na asipuuze, hakuna aliyezaliwa nako. Hiyo ni kazi ya kujifunza miaka.

Tena tunaambiwa kila siku kwamba Kiswahili ni bidhaa. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi. Hotuba zikasomwa, tukapiga makofi, na tulistahili kupiga. Lakini bidhaa ina bei. Waulize hao jamaa wa Nairobi swali moja kwa adabu: waandishi wa upande wa Kiingereza wanalipwa? Kama wanalipwa, basi wameshaamua kwamba msomaji wa Kiingereza anastahili kazi ya kulipiwa na msomaji wa Kiswahili anastahili ya kuokoteza. Kama na wao hawalipwi, umejua kampuni inaendeshwa vipi.

Nimekaa kwenye vikao vya bajeti. Fungu la waandishi ndilo la kwanza kuguswa fedha ikipungua. Fundi wa tovuti haguswi kwa sababu akizima mtambo kila kitu kinasimama, na pango la ofisi haliguswi kwa sababu mwenye nyumba atafunga mlango. Ikifika zamu ya waandishi, sauti moja husema: "Hawa tunaweza kuwapata bure." Na huyo hakosei, kwa kuwa anao ushahidi, na ushahidi wake ni mimi na wewe tuliokubali. Mwandishi wa Dodoma au Mombasa anayelisha watoto kwa kalamu anakatwa bei kwa ajili ya makala zako kumi, na hatajua zilitoka wapi.

Kwa habari za afya kuna hatari kubwa kuliko mfuko wako, na ningetaka uifikirie kuliko yote niliyosema. Chukua sentensi hii, ambayo kila anayeandika kuhusu ujauzito huiandika: "Kuvimba miguu ni kawaida kwa mjamzito." Kwa wengi ni kweli. Ukiiacha hivyo peke yake, mama mwenye shinikizo la damu anayeelekea kwenye kifafa cha mimba atabaki nyumbani akijua ni kawaida. Kwa hiyo lazima uongeze: lakini ukivimba uso au mikono, ukiumwa kichwa kikali kisichotulia, macho yakiona ukungu, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, nenda kituo cha afya leo. Hilo "leo" huwezi kuliandika kwa kubahatisha. Unapanda bodaboda, unamsubiri muuguzi wa kliniki ya wajawazito amalize foleni, unamsomea sentensi, anakuambia dalili gani umesahau na ipi ije kwanza. Asubuhi nzima imekwenda kwa sentensi mbili, na huenda sentensi hizo zikaokoa mtu.

Asiyelipwa hawezi kuifanya asubuhi hiyo kwa makala kumi. Mbili za kwanza atazifanya kwa moyo, kama ulivyofanya wewe. Ya tano atampigia muuguzi simu badala ya kwenda. Ya nane atanakili kutoka tovuti nyingine, kwa sababu njaa haina adabu. Halafu anatokea mwenye duka la dawa, au muuza virutubisho, au mwenye dawa za mitishamba za "kusafisha kizazi", anasema: "Dada, itaje bidhaa yangu hapo katikati, nitakutoa." Tunaujua ugonjwa wa bahasha kwenye vyumba vya habari. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kidogo kwa kila habari, au hawalipwi kabisa, wakaenda kwenye mikutano wakitegemea posho ya mwenye mkutano. Wengi wao si watu wabaya, ila kazi ni lazima ilipwe na mtu fulani. Mwandishi wa afya asiyelipwa na mwenye tovuti, ipo siku atalipwa na mwenye dawa, na atakayeumia ni mama aliyesoma akaamini.

Kaka yako anasema kila mtu alianza hivyo. Mheshimu, maana anakutakia mema, ila si kweli. Wengi walianza kwa kidogo, na kidogo si sawa na bure. Wengine waliandika miaka mingi wakiwa na mshahara wa kazi nyingine: Shaaban Robert mwenyewe aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali huku akiandika. Alichoandika usiku kilikuwa chake, alikiandika anavyotaka, hakuwa anajaza kurasa za kampuni ya mtu kwa oda. Kwa hiyo steshenari usiiache kwa sasa. Inakupa nguvu ya kusema hapana.

Sikuambii usiandike bure maisha yako yote. Utaombwa kuandika risala ya harusi ya binamu, utaandika, na ukidai fedha ukoo utakushangaa kwa haki. Utaandika tangazo la msikiti au kanisa. Unaweza kuchangia Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu 2003, ambako kila mtu anasoma ulichoandika bila malipo. Unaweza kushindania tuzo, kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hiyo ni kazi yako kwa jina lako, na mshindi anapewa fedha. Kipimo changu ni msaragambo. Kijiji kikiitwa kuchimba mtaro wa maji ya wote, unachukua jembe unakwenda, na asiyekwenda anasemwa. Hakuna mwenyekiti anayepiga mbiu ya msaragambo wa kujenga nyumba ya kupangisha ya mtu mmoja. Basi ukiombwa kuandika bure, angalia nani atapangisha nyumba hiyo. Kampuni yenye matangazo, inayotafuta wafadhili kwa kuonyesha idadi ya wasomaji, inajenga nyumba yake.

Sasa bei. Ile 380,000 ukiigawa kwa makala kumi ni 38,000, na chini ya hapo unajitoa damu. Lakini hata 38,000 haitoshi, na hapa ndipo waandishi wapya wanapokosea hata wakipata mlipaji. Hutaandika kila siku. Kuna siku za kutafuta kazi, kusubiri majibu, kurekebisha, kuumwa, umeme kukatika. Kati ya siku 22 za kazi kwa mwezi, ukipata 12 za kuandika kwa malipo umefanya vizuri, na hizo ni makala sita. Ili upate angalau kile ambacho steshenari ingekupa mwezi mzima, yaani 330,000, ukiongeza bando 40,000 na bodaboda 24,000, makala sita zinapaswa kukuletea 394,000. Gawanya, kila moja ni kama 65,700. Kwa hiyo taja 70,000, ili mkivutana usishuke sana chini ya 65,000. Sisemi hiyo ndiyo bei ya soko. Ni bei yako, inayotokana na maisha yako, na ukiulizwa unaweza kuieleza bila kigugumizi.

Wakisema bajeti haitoshi, punguza kazi, usipunguze bei. Makala tatu kwa 70,000 ni bora kuliko kumi kwa 20,000, kwa sababu bei ya kwanza ndiyo wanayoizoea. Mtu aliyekuzoea kwa sifuri, siku ukimtajia 70,000 ataona umemdhulumu, na atamtafuta binti mwingine aliyemaliza chuo mwaka huu.

Najua kinachokusumbua zaidi ya hesabu ni aibu ya kutaja fedha kwa watu wakubwa waliokutafuta wenyewe. Sisi tumelelewa hivyo, kwamba mwenye adabu hasemi bei, anasema "utakachonipa". Kwenye biashara hiyo si adabu, na mwenzako haisomi kama adabu. Andika kwa upole, kwa ufupi, bila kuomba radhi na bila kueleza shida za nyumbani. Unaweza kutumia maneno haya:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kuniona nafaa kuandikia upande wa Kiswahili. Makala mbili nilizowatumia zinawaonyesha ninavyofanya kazi. Kuanzia ya tatu, bei yangu ni TZS 70,000 kwa makala ya maneno 1,000, pamoja na mahojiano na marekebisho ya mara moja. Naanza nikipokea nusu, na nusu ya pili ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi. Zile mbili naomba zisichapishwe hadi tukubaliane malipo yake. Kama bajeti ya sasa haitoshi makala kumi, niko tayari kuanza na tatu. Nasubiri majibu yenu."

Nimeandika TZS kwa makusudi, kwani shilingi ya Kenya na ya kwetu hazilingani, na neno "shilingi" tupu kati ya Nairobi na Morogoro limeshaleta ugomvi. Mkikubaliana, ongezeni nani anabeba makato ya kutuma fedha kuvuka mpaka. Tuma kwa barua pepe hata kama mmekuwa mkiongea kwa simu, na uhifadhi nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako ni hizo barua pepe. Jiji la New York lina sheria tangu Mei 2017 inayotaka mkataba wa maandishi kwa kazi ya kujitegemea ya kuanzia dola 800, na malipo ndani ya siku 30 kama hamkupanga tarehe nyingine. Kwako hakuna haja ya kusubiri sheria. Masharti kama hayo unayaweka mwenyewe kwenye ujumbe.

Msisitizo wangu juu ya malipo ya awali una sababu. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Kwa mwandishi anayeishi Nairobi ni msaada mkubwa. Wewe ukitoka Morogoro kufuata 70,000 utazimaliza kwenye basi la kwenda. Nusu iliyo mkononi kabla hujaanza ina nguvu kuliko kesi yoyote utakayofungua.

Hilo linatufikisha kwenye zile makala mbili, na hapa fanya haraka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako huhesabiwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena hilo "isipokuwa". Wao ndio waliokuagiza, na mpaka sasa hakuna mlichokubaliana kwa maandishi. Ukikaa kimya wanaweza kudai kwamba makala ni zao, wazichapishe, hata waziuze kwa tovuti nyingine. Ndiyo maana kwenye ujumbe nimeweka sentensi ya kuomba zisichapishwe. Itume kabla ya kesho kutwa. Wakishazichapisha, piga picha ya ukurasa ikionyesha tarehe, halafu watumie ankara ya makala mbili kwa bei ileile, kwa upole uleule. Wanaweza wasilipe. Lakini itabaki kwenye kumbukumbu kwamba hukuzitoa zawadi, na kwa wale wa Huffington Post hicho ndicho kilichokosekana.

Wakijibu kwamba hawawezi, washukuru na uage vizuri. Kampuni hubadilika, watu huhama ofisi, na yule kijana aliyekuandikia leo anaweza kuwa mhariri wa mahali pengine mwakani, akikumbuka kwamba uliandika vizuri na ulijua bei yako.

Ile ya tatu, kama ipo mezani, bado iko mikononi mwako, hakuna aliyeipokea. Imalize kwa mwendo wako. Mpelekee muuguzi aisome yote, umwombe ruhusa ya kutaja jina na cheo chake. Kisha wapigie wahariri wa kurasa za afya kwenye magazeti ya Kiswahili, mmoja mmoja, na kabla ya kutuma uulize wanalipa kiasi gani na lini. Usiishie kwenye magazeti. Miradi ya afya ya mama na mtoto huwa na fungu la mawasiliano, na wanahitaji vipeperushi, vijitabu vya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maandishi ya vipindi vya redio, vyote kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hapo Morogoro mjini uliza ofisi zao zilipo, nenda na makala zako mbili bora zimechapwa, zimo kwenye faili safi, na uombe kuonana na ofisa mawasiliano. Steshenari unafanya kazi, kuzichapa hakutakugharimu sana. Na akikuuliza bei, itaje.